Galton na Simpson

Galton na Simpson ni jina la pamoja la waandishi wawili wa Uingereza, Ray Galton (17 Julai 1930 – 5 Oktoba 2018) na Alan Simpson (27 Novemba 1929 – 8 Februari 2017). Kwa karibu miaka 30 waliandika pamoja vichekesho vya redio, televisheni na filamu. Wanajulikana hasa kwa mifululizo miwili iliyotolewa na BBC: Hancock's Half Hour, iliyoanza mwaka 1954, na Steptoe and Son, iliyoanza mwaka 1962.

Wanahesabiwa kati ya waanzilishi wa mfululizo wa vichekesho wa Kiingereza kama unavyofahamika leo, yaani kipindi cha nusu saa chenye wahusika walewale kila wiki, ambacho kicheko chake kinatokana na tabia za watu badala ya mizaha iliyopangwa mmoja baada ya mwingine. Pia hutajwa mara nyingi kama mfano wa uandishi wa watu wawili. Katika miswada yao haiwezekani kusema mstari huu ni wa Galton na ule ni wa Simpson, kwa sababu walijiwekea kanuni kwamba hakuna neno litakaloingia katika karatasi kabla wote wawili hawajalikubali.

Kukutana hospitalini

Wote wawili walizaliwa London katika familia za watu wa kawaida, Galton mtaa wa Paddington na Simpson mtaa wa Brixton. Baada ya shule Simpson alipata kazi ya ukarani katika kampuni ya meli, na Galton alifanya kazi katika ofisi za chama cha wafanyakazi. Kabla hawajatimiza miaka 20 wote waliugua kifua kikuu. Siku hizo dawa ya streptomisini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kupatikana, na wagonjwa wengi bado walitibiwa kwa kulazwa kitandani kwa miezi mingi, pengine miaka, wakingoja mapafu yapone. Hali ya Simpson iliwahi kuwa mbaya kiasi cha kufanyiwa ibada ya wanaokaribia kufa.

Mwaka 1948 walikutana katika hospitali ya kifua kikuu ya Milford, karibu na mji wa Godalming katika kaunti ya Surrey. Kilichowaunganisha ni redio. Walisikiliza vipindi vya vichekesho vya BBC, na usiku walitafuta mawimbi ya kituo cha majeshi ya Marekani ili wamsikie Jack Benny na wachekeshaji wengine wa nchi hiyo. Vijana wawili waliolala kutwa bila kazi walikuwa na muda wa kutosha kujadiliana kwa nini kipindi fulani kilichekesha na kingine hakikuchekesha. Kwa hiyo walianza kama wasikilizaji wenye masikio yanayofanana, na uandishi ukaja baadaye.

Wagonjwa wa Milford walikuwa wameunda kituo kidogo cha redio cha ndani kilichosikika kwa vifaa vya masikioni vilivyokuwa kwenye kila kitanda. Kwa kituo hicho Galton na Simpson waliandika mfululizo wao wa kwanza, Have You Ever Wondered, juu ya maisha ya hospitalini. Walikuwa wameahidi vipindi sita. Mawazo yakawaishia baada ya vinne. Hata hivyo ilikuwa shule nzuri. Mgonjwa wa kitanda cha jirani hakuwa na sababu ya kuwapendeza, na kama hakucheka walimwona kwa macho yao.

Barua kwa wakubwa wa kazi

Baada ya kutoka hospitali waliendelea kuandika wakati wa nafasi zao, bila kujua mswada wa redio hupelekwa wapi wala hupangwaje katika karatasi. Wakawaandikia barua Frank Muir na Denis Norden, waandishi wa kipindi cha Take It From Here kilichopendwa sana wakati huo, kuwauliza mtu anaanzaje kazi hiyo. Muir na Norden nao walikuwa wawili wanaoandika pamoja. Jibu lao lilikuwa la vitendo: wapeleke mfano wa kazi yao kwa Gale Pedrick, mhariri wa miswada wa BBC.

Wengi wanaoanza kuandika hulipita jambo hili bila kulitazama. Muir na Norden hawakusahihisha mstari hata mmoja, wala hawakutoa sifa. Walichotoa ni jina la mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma miswada na kuamua. Galton na Simpson walimpelekea mchezo mfupi juu ya Henry Morgan, yule nahodha wa maharamia, na Pedrick akawaita waje kuonana naye. Msomaji wao wa kwanza nje ya hospitali hakuwa ndugu wala rafiki, na uamuzi wake ulikuwa na maana kwa sababu hiyo.

Mwaka 1951 walianza kuuza mizaha kwa mchekeshaji Derek Roy, kwa shilingi 5 za Kiingereza kwa kila mzaha, yaani robo ya pauni. Roy alikuwa akiongoza kipindi cha redio cha Happy-Go-Lucky, ambacho hakikuwa kikienda vizuri. Kilipofikia ukingoni, vijana hawa wawili waliombwa waandike vipindi vya mwisho vyote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kipindi chenyewe hakikuokoka, lakini ndiko walikofahamiana na mchekeshaji kijana aliyeitwa Tony Hancock.

Namna walivyofanya kazi

Simpson ndiye aliyejua kupiga taipu, kwa hiyo yeye alikaa mbele ya mashine. Galton alitembea huku na huko chumbani au alilala sakafuni. Mmoja akitamka mstari, mwenzake akacheka au akakubali, mstari ulichapwa. Mwenzake akinyamaza, mstari uliachwa. Hawakuwa na desturi ya kuutetea. Palikuwa na vimya virefu, wakati mwingine vya saa nzima na zaidi, na hakuna aliyejaribu kuvijaza kwa maneno yasiyo na kazi.

Kanuni hii inaonekana nyepesi, lakini ina gharama yake. Inataka kila mmoja akubali kwamba wazo lake zuri litakufa kwa sababu tu mwenzake hakucheka, na kwamba hatapewa maelezo. Mtu asiyeweza kulistahimili hilo hafai kuandika namna hii hata akiwa na kipaji kikubwa. Upande wa faida, hawakuhitaji kuandika rasimu nyingi. Ukurasa ulipotoka kwenye mashine ulikuwa tayari umesomwa, umepimwa na umekubaliwa na mtu mwingine zaidi ya aliyeutunga. Maoni ambayo waandishi wengine huyasubiri baada ya kumaliza mswada, wao waliyapata mstari kwa mstari.

Hii si njia pekee ya watu wawili kuandika. Jimmy Perry na David Croft, waandishi wa Dad's Army (1968–1977), walikaa pamoja kupanga visa vya vipindi viwili, kisha kila mmoja akaenda zake kuandika kipindi kimoja peke yake. John Cleese na Graham Chapman wa Monty Python walikuwa karibu zaidi na mtindo wa chumba kimoja, ila mizani yao ilikuwa tofauti: Cleese alifanya sehemu kubwa ya kuandika, na Chapman alikaa kimya muda mrefu, kisha akatoa neno moja lililobadilisha kila kitu. Mchezo wao maarufu wa mteja anayerudisha dukani kasuku aliyekufa ulitokana na mchezo wa awali juu ya muuza magari. Chapman ndiye aliyeleta kasuku. Mfano huo unafaa kukumbukwa na yeyote anayepima mchango wa mwenzake kwa kuhesabu kurasa.

Vimya vya chumba chao viliingia hata katika miswada yenyewe. Kipindi cha redio cha mwaka 1958 kiitwacho Sunday Afternoon at Home kinahusu watu wanne waliokaa ndani Jumapili mchana wakati wa mvua, wasijue la kufanya. Wanapiga miayo, wanauliza saa, wananyamaza. Redioni, ambako ukimya hudhaniwa ni hitilafu ya mitambo, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Ghorofa juu ya duka la mboga

Mwaka 1954 walijiunga na Spike Milligan na Eric Sykes, waandishi waliokuwa wamekwishapata jina, wakaanzisha Associated London Scripts. Ilikuwa kama chama cha ushirika cha waandishi wa vichekesho, chenye ofisi juu ya duka la mboga na matunda katika mtaa wa Shepherd's Bush. Baadaye waliingia wengine, wakiwemo Johnny Speight, John Antrobus na Terry Nation, ambaye ndiye aliyekuja kubuni viumbe vya Dalek kwa ajili ya mfululizo wa Doctor Who.

Wakamwajiri Beryl Vertue, aliyesoma shule moja na Simpson, awe karani wao. Vertue akaanza kuzungumza na BBC juu ya malipo kwa niaba yao kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kufanya hivyo, na hatimaye akawa mmoja wa mawakala na watayarishaji wakubwa wa televisheni ya Uingereza. Kwa waandishi wawili ambao kutwa nzima hutazamana wao kwa wao, kuwa na wenzao wa kazi hiyohiyo nyuma ya ukuta kulisaidia.

Hancock

Hancock's Half Hour ilianza redioni tarehe 2 Novemba 1954, ikahamia pia kwenye televisheni mwaka 1956. Waandishi walimtungia Tony Hancock mhusika mwenye jina lake mwenyewe: mtu mwenye majivuno, msomi wa kujidai, asiyefanikiwa na anayeamini dunia inamwonea, mkazi wa East Cheam, kitongoji cha kubuni. Kando yake walikuwepo waigizaji kama Sid James, Bill Kerr, Hattie Jacques na Kenneth Williams. Redioni peke yake kilifikia vipindi zaidi ya 100.

Hapa palikuwa na mtu wa tatu katika kazi yao. Hancock hakuandika, lakini masikio yake yalikuwa makali, na waandishi walisimulia baadaye kwamba alikuwa hodari wa kushika mswada kwa mara ya kwanza na kuusoma kama anayeufahamu siku zote. Maoni mengine yalitoka kwa hadhira iliyoalikwa studio. Kicheko cha watu waliokaa kwenye viti hakidanganyi, lakini kina hatari yake: humfundisha mwigizaji kusubiri kicheko, na humfundisha mwandishi kukitafuta kila baada ya mistari miwili. Galton na Simpson kadiri miaka ilivyopita walizidi kukikwepa kishawishi hicho. Mwaka 1961 waliandika The Bedsitter, kipindi ambacho Hancock yuko peke yake katika chumba cha kupanga kwa muda wote, bila mtu wa kujibizana naye.

Mwaka huohuo ilitoka The Blood Donor, ambayo wengi huiona kuwa kazi yao inayofahamika zaidi na Hancock. Siku chache kabla ya kurekodi, Hancock alipata ajali ya gari na hakuweza kukariri maneno yake. Yakaandikwa kwenye mbao zilizowekwa pembeni ya kamera. Anayeitazama leo kwa makini ataona macho ya Hancock yakipita pembeni ya mwenzake anayezungumza naye. Mswada ulistahimili, lakini Hancock aligundua kwamba anaweza kufanya kazi bila kukariri, na ugunduzi huo haukumfaa.

Kuachana

Hancock alitaka kuwa nyota wa filamu wa kimataifa. Tayari alikuwa amemwondoa Sid James katika kipindi cha televisheni ili asionekane kuwa nusu ya watu wawili. Galton na Simpson walimwandikia filamu ya The Rebel (1961), kisha wakaanza filamu ya pili. Kwa muda wa miezi sita hivi, bila malipo, walishughulikia miswada mitatu. Miwili ya kwanza iliachwa njiani kwa sababu Hancock aliona haimfai. Wa tatu waandishi walisisitiza waumalize kwanza; walipoumaliza, akaukataa pia. Oktoba 1961 Hancock akaachana nao, na pia na Beryl Vertue aliyekuwa wakala wake.

Kuna tofauti kati ya mtu anayesema mstari huu hauchekeshi na mtu anayesema wazo lenyewe halinifai bila kueleza linalomfaa. Maoni ya namna ya kwanza waandishi hawa walikuwa wakipeana kila siku, nao waliyazoea. Ya pili hayakuwapa mahali pa kushika, kwa sababu Hancock hakuwa akiupima mswada tena. Alikuwa akijipima mwenyewe. Lawama si za upande mmoja, kwani msanii ana haki ya kutafuta njia mpya. Lakini kuanzia hapo hakupata tena waandishi waliomjua kiasi hicho. Alijiua mjini Sydney, Australia, mwaka 1968.

Steptoe and Son

Tom Sloan, mkuu wa burudani katika televisheni ya BBC, aliwapa waandishi hao vipindi kumi vya nusu saa wavijaze kwa visa vyovyote wanavyotaka, kila kimoja na waigizaji wake. Mfululizo uliitwa Comedy Playhouse na ulianza Desemba 1961. Kipindi cha nne, The Offer, kilionyeshwa tarehe 5 Januari 1962.

Kwa masimulizi yao wenyewe, walikuwa wamekwama. Galton, kwa kutania tu, akataja wanaume wawili wanaozunguka na mkokoteni kununua vitu vikuukuu na vyuma chakavu. Simpson hakuliona lolote ndani yake, na kwa kanuni yao lingeishia hapo. Baadaye, wakiwa bado hawajapata kitu, wakalirudia. Waliandika kurasa kadhaa za mabishano kabla hawajaamua watu hao ni nani kwa mwenzake. Ndipo walipoona kwamba mmoja ni mzee na mwingine ni mwanawe, na mchezo ukabadilika: Albert Steptoe ni baba mchafu, mjanja na mwenye hofu ya kubaki peke yake; Harold ana umri unaokaribia miaka 40, anasoma vitabu, anatamani maisha mengine, na hawezi kuondoka.

Safari hii hawakutaka wachekeshaji. Waliwachukua waigizaji wa kawaida wa jukwaani, Wilfrid Brambell na Harry H. Corbett, kwa hoja kwamba mwigizaji hahesabu amepata vicheko vingapi. Mwisho wa The Offer Harold anapakia vitu vyake kwenye mkokoteni ili amwache baba yake, lakini hana farasi, na mkokoteni ni mzito. Anausukuma, hauendi. Anaanza kulia, na baba yake anamrudisha ndani akanywe chai. Corbett alilia machozi ya kweli mbele ya hadhira iliyokuja kucheka, na waandishi wenyewe walishangaa walipoliona hilo.

Sloan alipouona mchezo kwenye mazoezi aliwaambia kwamba huo ni mfululizo. Walikataa. Walikuwa wametoka katika miaka mingi ya kumtumikia mtu mmoja na waliupenda uhuru wao. Sloan akaendelea kuwabembeleza kwa miezi kadhaa, mwishowe wakasema watakubali ikiwa waigizaji watakubali, wakitumaini kwamba waigizaji wa jukwaani watakataa. Waigizaji wakakubali. Steptoe and Son ilianza tarehe 7 Juni 1962, ikaendelea hadi 1965, kisha tena 1970 hadi 1974.

Katika kilele chake ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 20. Siku ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 1964, kiongozi wa chama cha Labour, Harold Wilson, aliiomba BBC isirushe marudio ya kipindi hicho mapema jioni, akihofia kwamba wapiga kura wake wangebaki nyumbani. BBC ikakichelewesha. Wilson alishinda kwa wingi wa viti vinne tu bungeni.

Beryl Vertue aliuza haki za kuutengeneza upya mchezo huo katika nchi nyingine. Uholanzi ulitolewa kama Stiefbeen en Zoon, na Sweden kama Albert & Herbert. Marekani ukawa Sanford and Son (1972–1977), ukiwa na baba na mwana Wamarekani weusi katika mtaa wa Watts, Los Angeles, na Redd Foxx akiigiza baba.

Miaka ya baadaye

Simpson aliacha uandishi wa kudumu mwaka 1978, akashughulika na biashara na klabu ya mpira wa miguu ya Hampton, ambayo alikuwa rais wake. Hawakugombana, na waliendelea kuonana hadi uzeeni. Mwaka 2000 wote wawili walitunukiwa nishani ya OBE, na mwaka 2016 walipewa kwa pamoja heshima ya juu ya BAFTA.

Galton aliendelea kuandika, lakini si peke yake. Aliandika Spooner's Patch na Johnny Speight, kisha akashirikiana na John Antrobus. Mwaka 1997 yeye na Antrobus walitoa Get Well Soon, mfululizo wa BBC juu ya vijana wawili wanaokutana katika hospitali ya kifua kikuu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.